Robert Scott: Nahodha aliyepungukiwa mafuta ya taa kwenye jangwa la barafu

Mwanzoni mwa Machi 1912, wanaume wanne waliokuwa wakivuta mzigo wao kwa kamba walifika kwenye stoo waliyoijenga wenyewe juu ya barafu miezi kadhaa kabla, wakati wa kwenda. Walifukua mabati ya mafuta ya taa waliyoyaacha hapo na kukuta yamepungua sana. Hakuna mwizi aliyepita. Kwa mamia ya kilomita kila upande hapakuwa na mtu wala mnyama. Vifuniko vilikuwa mahali pake, bati halikutoboka, ila mafuta yalikuwa yametoroka yenyewe.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupokea mzigo mpakani ukiwa pungufu, huku lakiri ikiwa nzima, anaijua hali hiyo. Lakini hawa hawakuwa wakihesabu hasara ya fedha. Chini ya miguu yao kulikuwa na barafu yenye unene wa mamia ya mita, yaani maji yasiyo na chumvi kuliko mtu anavyoweza kuyawazia, na hawakuweza kunywa hata kikombe kimoja bila kuwasha jiko. Mafuta yakiisha, maji nayo yameisha.

Aliyewaongoza alikuwa Kapteni Robert Falcon Scott wa jeshi la majini la Uingereza. Wengi wanamjua kama mtu aliyefika Ncha ya Kusini akiwa wa pili na kufia njiani wakati wa kurudi. Wachache wanajua kwamba miaka minane kabla ya hapo, mtu huyohuyo aliingia kwenye bonde ambalo lilikuja kuwafundisha wataalamu jambo linalowashangaza watu hadi leo: Antaktika, bara lililofunikwa na barafu, ni jangwa. Tena ndilo jangwa kubwa kuliko yote duniani. Ukubwa wake ni takribani kilomita za mraba milioni 14, wakati Sahara ina kama milioni 9.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1868 karibu na Devonport, bandari ya kijeshi ya Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alimiliki kiwanda kidogo cha bia, akakiuza, na familia ikaishi vizuri kwa fedha ya mauzo. Kijana Robert aliingia mafunzo ya jeshi la majini akiwa na miaka 13. Mambo yalikwenda hivyo hadi 1894 ilipobainika kwamba mtaji wa baba umekwisha. Mzee alilazimika kutafuta kazi ya kuajiriwa uzeeni na akafariki 1897. Mwaka uliofuata akafa mdogo wake, Archie, aliyekuwa akisaidia kuitunza familia. Mama na dada wakabaki mikononi mwa ofisa mmoja wa meli mwenye mshahara wa kawaida.

Ni vema kulikumbuka hilo, kwa sababu simulizi nyingi humchora Scott kama mtu aliyezaliwa na kiu ya barafu. Hakuwa hivyo. Alihitaji cheo, na wakati wa amani vyeo havipatikani kirahisi jeshini. Mwezi Juni 1899 alikutana jijini London na Clements Markham, mzee mwenye sauti kubwa katika chama cha wanajiografia cha Uingereza, aliyekuwa amemwona zamani akiwa kijana kwenye mashindano ya mashua huko Karibiani. Markham alikuwa anaandaa safari ya Antaktika. Scott akajitolea kuiongoza, ingawa hakuwa na uzoefu wowote wa nchi za baridi.

Meli ya safari hiyo, Discovery, iliundwa Dundee, Scotland, na ikaondoka 1901. Walijifunza kila kitu kwa kukosea. Hawakujua kuendesha mbwa, hawakujua vizuri kuteleza kwa mbao za miguuni, na kiseyeye kiliwapata. Hata hivyo, tarehe 30 Desemba 1902 Scott, daktari Edward Wilson na Ernest Shackleton walifika nyuzi 82 na dakika 17 kusini, mbali kuliko binadamu yeyote kabla yao. Walirudi hoi.

Safari iliyokuja kuwa na maana zaidi kisayansi ni ya mwaka uliofuata. Scott alipanda upande wa magharibi hadi uwanda wa juu wa barafu akiwa na mabaharia wawili, Edgar Evans na William Lashly. Wakati wa kurudi, Desemba 1903, waliteremka wakifuata mto wa barafu. Ghafla barafu ikaishia mbele yao na bonde likafunguka: udongo, changarawe, mchanga na mawe yaliyosuguliwa na upepo. Theluji hakuna. Kulikuwa na maji kidogo tu, yale yanayochuruzika majira ya kiangazi kutoka kwenye kingo za mito ya barafu. Hawakuona kiumbe hai. Walichokuta ni mifupa ya sili, mnyama wa baharini, na hawakuelewa alifikaje mbali namna ile na bahari.

Bonde hilo leo linaitwa Taylor, kwa jina la mwanajiolojia Griffith Taylor aliyelichunguza 1911 akiwa kwenye safari ya pili ya Scott. Ni moja ya Mabonde Makavu ya McMurdo, eneo la takribani kilomita za mraba 4,800. Watafiti waliofuata walikuta humo mizoga ya sili iliyokaa mamia ya miaka bila kuoza, imekauka kama papa wa ng'onda.

Swali ni hili: bara lenye barafu ya wastani wa kilomita 2 kwenda chini linawezaje kuitwa jangwa?

Wataalamu wa hali ya hewa hawapimi jangwa kwa joto wala kwa mchanga. Wanapima kwa kinachodondoka kutoka mbinguni. Sehemu isiyopata milimita 250 za mvua kwa mwaka huhesabiwa kuwa jangwa, na theluji huyeyushwa kwanza kabla ya kupimwa. Kwa kipimo hicho Antaktika nzima hupata wastani usiofika milimita 200, na sehemu kubwa ya katikati haipati hata 50. Mtu wa Lodwar kule Turkana, ambako hakuna anayebisha kwamba ni kukame, hupata mvua nyingi kuliko hiyo ya katikati ya bara la barafu.

Sababu ya kwanza ni baridi yenyewe. Hewa ni kama gunia: ikiwa na joto hutanuka na kubeba mvuke mwingi, ikipoa gunia linasinyaa. Hewa ya mchana wa Mombasa, yenye joto la nyuzi 30, inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri haibebi hata robo gramu. Hata ikiminywa yote, hakuna cha maana kitakachotoka.

Sababu ya pili ni mwendo wa hewa. Juu ya ncha ya dunia hewa nzito ya baridi hushuka, na hewa inayoshuka haitengenezi mawingu. Juu ya Sahara pia hewa hushuka, ingawa kwa chanzo kingine, na matokeo yanafanana. Dhoruba za baharini, ambazo ndizo zenye unyevu, hutua mzigo wake pwani na kwenye miteremko ya kwanza. Kinachovuka kwenda ndani ni makombo.

Ndani ya mabonde aliyoyakuta Scott kuna jambo la ziada. Milima huziba barafu ya uwandani isiyamwagikie. Kisha upepo huteremka kwa kasi kutoka juu, ukipata joto na kuzidi kukauka kadiri unavyoshuka, na theluji kidogo inayodondoka huliwa na upepo huo, ikageuka mvuke moja kwa moja bila hata kuwa maji.

Basi hiyo barafu yote imetoka wapi? Jibu wafanyabiashara watalielewa haraka kuliko watu wengine. Ni duka lenye mauzo madogo sana lakini lisilo na matumizi. Kinachoingia kwa mwaka ni kiduchu, ila karibu chote hakiyeyuki. Kimelundikana tabaka juu ya tabaka, na katika baadhi ya mashimo yaliyotobolewa na watafiti imetolewa barafu ya zaidi ya miaka 800,000. Zile dhoruba kali tunazoziona kwenye filamu mara nyingi si theluji mpya inayoanguka bali ya zamani inayopeperushwa, sawa na vumbi la Chalbi.

Scott alirudi nyumbani Septemba 1904 akiwa maarufu. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu kikubwa cha safari ya Discovery. Ndani yake, kati ya mambo mengi, alieleza udhaifu wa mabati ya mafuta ya taa: vizibo vya gome havikuzuia, mafuta yalipenya na kupotea kidogo kidogo. Yaani aliliona tatizo, akaliandika na kulichapisha. Mwaka 1908 akamwoa mchongaji sanamu Kathleen Bruce, na 1909 wakapata mtoto wa kiume, Peter, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WWF, lile shirika la wanyamapori lenye nembo ya panda.

Safari ya pili, ya meli Terra Nova, iliondoka Cardiff Juni 1910. Oktoba, akiwa Melbourne, Scott alipokea simu ya maandishi kutoka kwa Roald Amundsen wa Norway ikimwarifu kwamba naye anaelekea Antaktika. Kuanzia hapo ikawa mashindano, hata kama Scott hakutaka kuyaita hivyo.

Hesabu za safari hii zinamtesa kila anayejua maana ya kusafirisha mzigo. Scott alichanganya vyombo vitatu: magari matatu ya minyororo, farasi wadogo 19 na mbwa. Gari moja lilizama kwenye barafu wakati wa kushusha mizigo. Mawili yaliyobaki yalikufa siku za mwanzo za safari. Farasi walinunuliwa Mashariki ya Mbali na Cecil Meares, mjuzi wa mbwa, huku Kapteni Lawrence Oates, aliyewajua farasi hasa, akikabidhiwa tu walipokwisha kununuliwa. Alipowaona alisikitika, wengi walikuwa wazee na wagonjwa. Kumtuma sokoni asiyeijua bidhaa na kumwacha anayeijua ni kosa ambalo hata muuza ng'ombe wa mnadani hafanyi.

Februari 1911 walikwenda kuweka stoo kubwa ya chakula na mafuta. Mpango ulikuwa kuifikisha kwenye nyuzi 80 kusini. Farasi walichoka. Oates alishauri waendelee hata kama farasi watakufa, wachinjwe na nyama iwekwe akiba. Scott aliwaonea huruma wanyama, akaiacha stoo kwenye nyuzi 79 na dakika 29, zaidi ya kilomita 50 kabla ya mahali palipopangwa. Huruma yake haina ubaya wowote ndani yake, na ndiyo maana inauma kuisoma.

Walianza safari ya Ncha mwanzoni mwa Novemba 1911. Njia ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,200, kwenda tu. Desemba farasi wa mwisho walipigwa risasi, mbwa wakarudishwa, na watu wakavaa kamba wakavuta wenyewe kupanda mto wa barafu wa Beardmore hadi uwanda wa juu. Chakula kilikuwa kimefungwa kwa vifurushi vya watu wanne. Mwanzoni mwa Januari Scott aliamua kwenda na watano: yeye, Wilson, Oates, Edgar Evans na Henry Bowers. Mtu mmoja zaidi hema la wanne, na jiko likawaka muda mrefu zaidi kila mlo.

Tarehe 17 Januari 1912 walifika Ncha ya Kusini. Amundsen alikuwa amefika tarehe 14 Desemba, akaacha hema, bendera na barua kwa mfalme wa Norway aliyomwomba Scott amfikishie. Mwenzake huyo alitegemea mbwa peke yake, na mabati yake ya mafuta aliyachomea kwa risasi ili yasivuje.

Scott kwa upande wake aliacha vizibo vya gome akatumia vifuniko vya skrubu vyenye duara la ngozi ndani. Kwenye baridi kali ngozi ilikakamaa na kusinyaa. Mabati yaliwekwa juu ya rundo la theluji ili yaonekane kirahisi, jua likayapiga, mafuta yakageuka mvuke na kupita. Kasoro aliyoiandika miaka saba kabla ilimrudia kwa mlango mwingine. Mimi simwiti mzembe, kwa sababu alijaribu kurekebisha. Ila hakuna ushahidi kwamba rekebisho hilo lilijaribiwa ipasavyo kwenye baridi ya namna ile kabla ya kuwekewa maisha ya watu, na akiba yake ilikuwa nyembamba mno kuvumilia hata kosa moja.

Jangwa likaanza kudai chake. Evans, aliyekuwa na nguvu kuliko wote na aliyewahi kuliona lile bonde kavu pamoja na Scott, alifariki 17 Februari chini ya Beardmore. Kisha Machi ikaja na baridi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye baridi ya kawaida sleji huteleza kwa sababu msuguano huyeyusha theluji kidogo sana na kuweka utando wa maji chini yake. Baridi ikizidi, utando huo haupatikani, na chembe za theluji zinakuwa kama mchanga. Ndivyo ilivyokuwa: walivuta mzigo kana kwamba wanaukokota ufukweni, hatua kwa hatua, kilomita chache kwa siku. Kila pumzi katika hewa ile kavu iliwatoa maji mwilini, na kila kikombe cha kuyarudisha kilidai mafuta ambayo hayakuwepo. Nyama yao ya kukaushwa nayo ilihitaji maji ya moto ili kuwa uji wa kulika.

Oates, miguu ikiwa imeoza kwa baridi, alitoka hemani kwenye dhoruba katikati ya Machi ili asiwacheleweshe wenzake. Hakurudi. Watatu waliobaki walisogea hadi kilomita 18 kutoka ile stoo kubwa, dhoruba ikawazuia. Walikuwa na mafuta ya kuchemsha vikombe viwili vya chai kwa kila mtu na chakula cha siku mbili. Kama stoo ingekuwa nyuzi 80 ilikopangwa, wangekuwa wamekwisha kuipita. Maandishi ya mwisho ya Scott kwenye daftari lake ni ya tarehe 29 Machi 1912.

Kikosi cha kuwatafuta, kikiongozwa na daktari Edward Atkinson, kililiona hema tarehe 12 Novemba. Walichukua daftari, barua na vitu vidogo, wakaliangusha hema juu ya miili na kujenga rundo la theluji. Pembeni ya sleji walikuta mawe. Watu hawa waliokuwa wakifa kwa uchovu walikuwa wamevuta kilo 16 za mawe kutoka Beardmore na hawakukubali kuyatupa.

Ndani ya mawe hayo kulikuwa na chapa za majani ya mmea wa kale uitwao Glossopteris. Ulikuwa ushahidi kwamba bara lile kavu liliwahi kuwa na misitu, na kwamba zamani liliungana na Afrika, India, Australia na Amerika Kusini. Mabaki ya mimea ya ukoo huohuo yamo kwenye miamba yenye makaa ya mawe kusini mwa Tanzania. Anayepakia makaa ya Ruvuma kwenda viwanda vya saruji vya nchi jirani amebeba mabaki ya misitu ya zama zile zile.

Habari zilifika Uingereza Februari 1913. Kathleen alikuwa melini akielekea New Zealand kumpokea mumewe alipopewa taarifa. Wananchi walichanga fedha, zikalipa madeni ya safari na kuwatunza wajane, watoto na mama yake Scott, yule ambaye kwa ajili yake kijana alitafuta cheo.

Leo kwenye Ncha ya Kusini kuna kituo cha utafiti cha Wamarekani, kilichoanzishwa mwaka 1956 na 1957, chenye jina la Amundsen na Scott kwa pamoja. Kimekaa juu ya barafu yenye unene wa karibu kilomita 3. Maji ya kunywa ya watu wake hupatikana kwa kuyeyusha barafu ndani ya shimo kwa joto la jenereta, na mafuta ya jenereta hizo husafirishwa kutoka pwani kwa ndege na kwa matrekta yanayovuta matangi juu ya theluji kwa wiki kadhaa.